Mtakatifu Yohane Kasiano na Wakaapweke wa Vinamasi

Mtakatifu Yohane Kasiano alizaliwa yapata mwaka 360, akafariki Marseille, kusini mwa Ufaransa, yapata mwaka 435. Wengi wetu tunamfahamu kwa jina tu, kama mwandishi aliyeorodhesha vilema vinane vya moyo, au kama mwalimu ambaye Mtakatifu Benedikto aliwaagiza wamonaki wake wamsome. Katika makala hii tungependa kumtazama kwa upande usiotajwa sana. Maisha yake yalipita katika pwani tatu zinazofanana: mdomo wa mto Danube, mdomo wa Nile na mdomo wa Rhône. Zote tatu ni nchi za matope, matete na maji ya chumvi. Na katika zote tatu, Wagiriki walikuwa wametangulia kufika kwa ajili ya biashara karne nyingi kabla yake.

Si jambo la bahati tu. Kasiano mwenyewe, akisimulia safari zake, anajifananisha na mfanyabiashara mwenye uchu wa faida. Tukizijua bandari alizopitia tutaelewa kwa nini alisisitiza sana kazi moja ya rohoni, yaani kupima kila kitu tunachopokea kabla ya kukitia mfukoni.

Mwana wa pwani ya Danube

Gennadius, padri wa Marseille aliyeandika mwishoni mwa karne ya 5, anamtaja Kasiano kuwa Mskithia. Wataalamu wengi wanalielewa neno hilo kuwa linahusu jimbo la Kirumi lililoitwa Scythia Minor, kati ya Danube na Bahari Nyeusi, katika Romania na Bulgaria za leo.

Huko, katika karne ya 7 K.K., mabaharia Wagiriki kutoka mji wa Miletus walijenga Histria, kusini mwa delta ya Danube, kando ya ghuba iliyotulia. Mtu anaweza kujiuliza kwa nini watu waliotoka kwenye vilima vya mizeituni walichagua kukaa karibu na vinamasi. Jibu ni mto. Mto mkubwa ulikuwa barabara ya kuingilia bara. Kwa njia hiyo walipeleka divai, mafuta ya zeituni na vyombo vizuri vya udongo, nao wakachukua nafaka, samaki, ngozi, asali na nta. Walichukua pia watumwa, jambo ambalo hatuna budi kulitaja. Vinamasi vilikuwa na samaki tele, na maji ya kina kifupi yalikinga chombo na mawimbi ya bahari kuu.

Lakini mto uleule ulioleta mali ulileta pia tope na mchanga. Polepole mafungu ya mchanga yalijipanga mbele ya ghuba ya Histria, hata bahari ikageuka kuwa rasi ya maji yaliyofungwa. Kasiano alipozaliwa, bandari hiyo ilikuwa tayari inasongwa, na mji mkuu wa jimbo ulikuwa Tomis, bandari nyingine ya Wagiriki upande wa kusini. Katika karne ya 7 B.K. Histria iliachwa kabisa.

Jimbo hilo la mpakani lilikuwa na lugha mbili kubwa: Kigiriki cha miji ya bandari na Kilatini cha jeshi na serikali. Kasiano alizimudu zote mbili, na bila kipaji hicho kazi yake yote isingewezekana. Katika maandishi yake anakumbuka mashamba ya wazee wake na misitu yake mizuri, lakini anasikitika pia kwamba katika nchi yake watawa walikuwa wachache mno.

Ahadi ya Bethlehemu

Akiwa bado kijana, Kasiano aliondoka pamoja na rafiki yake mpenzi Germanus, wakaingia monasteri moja huko Bethlehemu, karibu na pango alimozaliwa Bwana. Humo walipangiwa kuishi na mzee mmoja Mmisri aliyekuja kuomba apokelewe kama mwanafunzi. Mzee huyo alikuwa mnyenyekevu kupita kiasi, akipenda kazi ambazo wengine walizikwepa. Siku moja walifika ndugu kutoka Misri kuhiji, wakamtambua. Kumbe alikuwa Abba Pinufius, padri na mkuu wa monasteri kubwa karibu na mji wa Panephysis, aliyekuwa ametoroka heshima za watu. Si mara yake ya kwanza: zamani alikuwa amejificha miaka mitatu katika monasteri ya Tabennisi, akilima bustani chini ya ndugu kijana. Mara hii pia walimrudisha kwake.

Baada ya kumwona mtu wa namna hiyo, vijana wale wawili hawakutulia. Waliomba ruhusa kwenda Misri kuwatembelea Mababa. Wakubwa wao waliwaruhusu kwa sharti, nao, mbele ya ndugu zao, ndani ya pango lile takatifu, wakaahidi kwamba watarudi upesi.

Mji usio na udongo

Walisafiri kwa bahari wakatia nanga Thennesus, katika upande wa mashariki wa delta ya Nile. Kasiano anaueleza mji huo kwa mshangao. Ulizungukwa na bahari na maziwa ya chumvi pande zote, wenyeji hawakuwa na shamba la kulima, basi wote waliishi kwa biashara na vyombo vya baharini. Aliyetaka kujenga nyumba alilazimika kuleta udongo kwa mashua kutoka mbali.

Wagiriki hawakuwa wageni katika delta hiyo. Tangu karne ya 7 K.K. walikuwa na kituo cha biashara Naukratis, kwenye tawi la magharibi la Nile, na katika karne ya 6 K.K. Farao Amasis aliwapa rasmi mji huo wakae na kufanya biashara yao. Humo miji tisa ya Kigiriki ilishirikiana kujenga hekalu moja la pamoja. Fedha na divai viliingia, ngano na mafunjo ya kuandikia vilitoka. Mwaka 331 K.K. Aleksanda Mkuu alianzisha Aleksandria, kwenye ukanda wa nchi kavu kati ya bahari na ziwa Mareotis. Kutoka hapo lugha ya Kigiriki ilienea kotekote katika delta. Wahubiri wa Injili walipofika walipita njia za wafanyabiashara na kutumia lugha yao. Ndiyo maana Kasiano na Germanus waliweza kukaa chini na wazee wa Misri na kuzungumza nao, mara nyingine kwa msaada wa mkalimani, mara nyingine ana kwa ana.

Thennesus walimkuta Archebius, askofu wa Panephysis, aliyekuja kwa ajili ya uchaguzi wa askofu. Mzee huyo alikuwa ameishi ukiwani miaka 37 kabla ya kuchukuliwa kuwa askofu, naye hakuona kuwa amepandishwa cheo. Aliamini amefukuzwa ukiwani kwa kuwa hakustahili kukaa huko. Aliposikia shida ya wageni, alishika fimbo na mfuko wake kama desturi ya watawa wa Misri, akawaongoza yeye mwenyewe kwa miguu hadi kwenye eneo la mji wake.

Njia ilipita katika nchi iliyokufa. Eneo la Panephysis hapo kwanza lilikuwa na rutuba sana. Kisha tetemeko la nchi liliisukuma bahari ikavuka kingo zake, ikaangusha karibu vijiji vyote na kuyageuza mashamba kuwa wangwa wa chumvi. Wengi wanalihusisha tukio hilo na tetemeko la tarehe 21 Julai 365, ambalo mwanahistoria Ammianus Marcellinus alilieleza. Vijiji vilivyokuwa juu ya vilima vilibaki kama visiwa katikati ya maji, bila watu. Mahali ambapo wakulima na wachuuzi walikimbia, wakaapweke walihamia.

Wazee watatu walikaa visiwani humo: Chaeremon, Nesteros na Yosefu. Chaeremon alikuwa amepita miaka 100, na mgongo wake ulikuwa umepinda kwa uzee na sala hata alitembea kwa kutumia mikono kama mtoto. Yosefu alitoka katika ukoo wa watu wakubwa wa mji wa Thmuis na alikuwa amesomeshwa Kigiriki vizuri, hivyo hakuhitaji mkalimani.

Usiku wa deni

Kadiri walivyowasikiliza wazee hao, ndivyo Kasiano na Germanus walivyozidi kuteseka. Waliona kwamba faida waliyoitafuta ilikuwa Misri, na kwamba wakirudi Bethlehemu upesi wangeipoteza. Lakini sisi Waswahili tunasema ahadi ni deni, na wao walikuwa wameahidi ndani ya pango la Bwana. Usiku mzima hawakulala. Kulipokucha walimweleza Abba Yosefu.

Yosefu aliwajibu kwamba walikosea kuahidi kwa haraka, na kwamba sasa wapime hasara ipi ni kubwa zaidi. Akawashauri wabaki. Walibaki, na siku zikawa miaka. Hata hivyo deni halikusahaulika. Baada ya miaka saba walirudi Bethlehemu, wakawaona wakubwa wao, wakapatana nao kwa upendo, kisha wakaruhusiwa kwenda tena Misri.

Kutoka Panephysis walisafiri hadi Diolcos, karibu na mmojawapo wa midomo saba ya Nile. Hapo ndipo Kasiano anapojifananisha na mfanyabiashara: hakuna shida iliyowalazimu kufika, ila walikuwa wamesikia habari za watakatifu, wakathubutu safari isiyo na uhakika kwa matumaini ya faida. Wakaapweke wa Diolcos waliishi kwenye ukanda wa mchanga kati ya bahari na mto. Ardhi ilikuwa ya chumvi, na maji ya kunywa yalichotwa mtoni, mwendo wa maili tatu na zaidi kupitia vilima vya mchanga. Waliyatunza maji hayo kuliko wengine wanavyotunza divai.

Kasiano anasimulia pia mambo mawili juu ya Archebius wa Diolcos. Walipofika ndugu wapya wakitaka kukaa, Archebius aliwaachia kijumba chake na vyombo vyote, akisingizia kwamba anahama. Baada ya siku chache alirudi na vifaa, akajijengea kingine kwa taabu. Wakaja wengine, akafanya vilevile. Jambo la pili ni hili: baba yake alipofariki aliacha deni la vipande 100 vya dhahabu, na wadai wakawa wanamsumbua mama yake. Archebius hakutoka ukiwani hata siku moja. Alizidisha kazi yake ya mikono mara tatu, mchana na usiku, kwa mwaka mzima, mpaka deni lote likalipwa.

Wapima fedha

Kutoka delta waliingia jangwa la Sketi. Huko Abba Musa aliwafundisha somo ambalo kila mtu wa bandari angelielewa. Katika miji ya biashara sarafu zilitoka kila upande, hivyo wapima fedha walikuwa na kazi ya kutenganisha nzuri na mbaya. Musa alisema mtawa awe kama wao mbele ya mawazo yanayomjia. Kwanza aangalie madini: je, ni dhahabu kweli, au ni shaba iliyopakwa? Pili aangalie sura: dhahabu inaweza kuwa halisi lakini ikapigwa sura ya mfalme wa uongo, kama Maandiko Matakatifu yanapopewa maana isiyo yake. Tatu aangalie imetengenezwa na nani, kwa kuwa sarafu nzuri kwa macho inaweza kutoka kwa mtu asiye na idhini. Nne aangalie uzito: tendo jema linaweza kuliwa na kutu ya majivuno mpaka likapungua thamani.

Mwaka 399 mafundisho hayo yalijaribiwa. Theofilo, askofu wa Aleksandria, alitoa barua dhidi ya wale waliodhani Mungu ana mwili kama wa mwanadamu. Kasiano anasimulia jinsi mtawa mzee Serapion, aliyekubali kwamba alikosea, alivyoanguka chini akilia kwa kuwa sasa hakujua amwabudu nani. Baadaye ghasia ziliongezeka, na Theofilo akawageukia watawa wasomi waliompenda Origene. Wengi walikimbia. Kasiano na Germanus walifika Konstantinopoli, ambako Mtakatifu Yohane Krisostomo alimpa Kasiano daraja la ushemasi. Krisostomo alipopelekwa uhamishoni mwaka 404, marafiki hao wawili walibeba barua ya mapadri wake hadi Roma, kwa Papa Inosenti I.

Bandari ya mwisho

Yapata mwaka 415 tunamkuta Kasiano Marseille. Mji huo pia ulikuwa wa Wagiriki. Watu wa Phocaea waliujenga yapata mwaka 600 K.K. kando ya hori lenye maji yaliyotulia, mashariki ya delta ya Rhône. Walikaa karibu na mdomo ili wapate njia ya kuingia bara, lakini mbali kiasi ili tope lisiwazibe. Mwandishi Strabo anaeleza kwamba mdomo wa Rhône ulikuwa tambarare, wenye tope na ukungu, chombo kisiweze kuuona hata kwa karibu. Kwa hiyo watu wa Marseille walijenga minara ya kuwaongoza mabaharia.

Hapo Kasiano alianzisha monasteri mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake. Kwa ombi la Castor, askofu wa Apt, aliandika kwa Kilatini kitabu cha Taratibu za wamonaki, kisha Mazungumzo 24 na Mababa wa Misri. Alishusha shehena kwa uangalifu. Alisema wazi kwamba atapunguza yale ambayo hali ya hewa na desturi za watu wa Gallia haziwezi kuyabeba, kama vile mavazi mepesi ya Misri, ambayo yangekuwa mateso wakati wa baridi kali. Lakini shabaha hakuipunguza: usafi wa moyo, kwa ajili ya Ufalme wa Mungu. Mwaka 430, kwa ombi la shemasi mkuu Leo, ambaye baadaye alikuwa Papa Leo Mkuu, aliandika pia kuutetea Umwilisho dhidi ya Nestorius.

Kanisa lapima sarafu zake

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo sisi waseminari hatupaswi kulikwepa. Katika shehena ya Kasiano zilikuwamo sarafu mbili ambazo Kanisa, kwa muda, halikuzipokea.

Ya kwanza ilitoka kwa Abba Yosefu. Akitetea ushauri wake kuhusu ahadi, mzee huyo alikubali kwamba katika shida kubwa mtu anaweza kusema uongo, kama mgonjwa mahututi anavyokunywa dawa yenye sumu. Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba uongo hauruhusiwi kamwe, na mafundisho ya Kanisa yamefuata njia hiyo. Ya pili ilitoka kwa Abba Chaeremon, yule aliyetembea kwa mikono. Katika Mazungumzo ya 13 anasema kwamba mara nyingine Mungu huvuta utashi wa mtu kwanza, na mara nyingine utashi mwema huanza kwa mtu, ndipo Mungu akaukuza. Prosper wa Akwitania aliyapinga maneno hayo mapema, Kasiano angali hai. Mwaka 529 Sinodi ya Orange, chini ya Mtakatifu Sesari wa Arles, ilitamka kwamba hata mwanzo wa imani ni zawadi ya neema. Papa Bonifasi II alithibitisha uamuzi huo mwaka 531.

Hata hivyo Kasiano hakulaaniwa kwa jina, wala vitabu vyake havikutupwa. Benedikto, aliyeishi wakati uleule wa sinodi hiyo, aliagiza Mazungumzo yasomwe mbele ya jumuiya jioni. Papa Gregori Mkuu alivipanga upya vile vilema vinane, na kutoka hapo tukapata vilema vikuu saba tunavyojifunza katika katekesi. Marseille humwadhimisha tarehe 23 Julai, na Makanisa ya Mashariki mwishoni mwa Februari. Kanisa lilifanya kile alichofundishwa na Abba Musa: lilitoa sarafu zenye kasoro, likaitunza dhahabu.

Dhahabu hiyo imetufikia hata sisi. Wabenedikto wa Peramiho, Ndanda na Hanga wanaishi kwa Kanuni inayoyataja Mazungumzo yake. Nasi tunapoanza kila kipindi cha Sala ya Kanisa kwa aya ile fupi ya Zaburi ya 70 ya kumwomba Mungu atusaidie upesi, tunatamka maneno ambayo Abba Isaka wa Sketi aliwafundisha Kasiano na Germanus wayarudie mchana na usiku, kazini, mezani na vitandani. Ni jambo la kutafakari kwamba mtu aliyeshukiwa kuipunguza neema ndiye aliyetuachia sala hii, inayokiri kwamba bila msaada wa Mungu hatuwezi hata kuanza.

Katika malezi yetu tunapokea mengi kila siku: vitabu, mihadhara, mahubiri ya mitandaoni, mashauri ya wakubwa na ya wenzetu. Mengine yanatoka kwa watu watakatifu kabisa, na bado yanahitaji kupimwa. Asiyepima hubeba tope pamoja na mali, na bandari ya moyo huziba taratibu bila mwenyewe kujua. Anayekataa kila kitu kwa kuogopa tope, naye hufa njaa kando ya mto. Kasiano alikaa kwenye midomo ya mito mitatu, akapokea, akapima, akagawa. Hata yeye hakupatia kila mara, kwa hiyo alihitaji Kanisa limpime. Nasi pia tunalihitaji.

Mtakatifu Yohane Kasiano, utuombee.